MTOTO ALIZALIWA MZIMA, MBONA SASA ANAUGUA?

Labda mambo haya mmeyaona nyumbani kwenu au kwa jirani. Mtoto anazaliwa vizuri, ananyonya, ananenepa, anacheka na kila mtu. Bibi anambeba na wageni wanamsifu. Halafu, mwezi wa saba au wa nane unapofika, asubuhi moja mama anaona viganja vya mtoto vimevimba, na nyayo pia. Mtoto analia usiku na mchana wala hataki kuguswa. Baadaye macho yanakuwa ya manjano, damu inapungua, na safari za hospitali zinaanza.

Hapo ndipo na maneno huanza. "Mbona alizaliwa mzima?" watu huulizana. "Kama ni ugonjwa wa kuzaliwa, si ungeonekana siku ya kwanza?" Basi hutafutwa mtu wa kulaumiwa. Wengine humtaja jirani aliyempakata mtoto juzi. Wengine humnyoshea kidole bibi mzee wa watu. Wengine husema maziwa ya mama yana kasoro. Nyumba iliyokuwa na amani inagawanyika, na wakati wakubwa wanamtafuta mchawi, mtoto anakosa dawa.

Lakini lile swali, mbona alizaliwa mzima, si swali la kijinga. Ni swali zuri sana, na wataalamu wenyewe walilihangaikia kwa muda wa miaka sitini na zaidi. Siku hizi jibu lake linajulikana. Nataka tulifuate pamoja polepole, hatua kwa hatua, maana mwenye kulielewa hatamsingizia mtu tena.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa tunaousema ni selimundu, ambao wengine huuita siko seli. Kila seli nyekundu ya damu imejaa protini iitwayo hemoglobini. Kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Kwa mtu mwenye selimundu, hemoglobini ikiisha kutoa oksijeni yake hunatana na kufanya nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo huipinda seli, nayo, badala ya kuwa duara laini, huwa na umbo la mundu. Seli za namna hiyo huziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali yatokapo. Tena hazidumu. Seli nzima huishi siku kama 120. Hizi huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu damu hupungua na macho huwa ya manjano.

Asili ya yote ni kosa dogo mno. Katika maandishi yote ya urithi wetu, herufi moja tu imebadilika, katika jeni inayotoa sehemu moja ya hemoglobini. Mtoto huugua akipata jeni yenye kosa kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye moja tu si mgonjwa, huitwa mbebaji.

Sasa swali linazidi kuwa gumu. Ikiwa kosa limo katika urithi tangu siku mimba ilipotungwa, lilikuwa limejificha wapi miezi ile yote?

KITABU NA KARANI

Ili tujibu, yatupasa kwanza kujua jinsi urithi unavyosomwa.

Fikiri kitabu kikubwa kilichoandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Kitabu hiki ndicho DNA. Kila mzazi anampa mtoto nakala moja yenye herufi karibu bilioni 3. Ndani yake mna sura zipatazo 20,000, na sura hizo ndizo jeni. Kila moja inaeleza jinsi ya kutengeneza protini fulani.

Jambo la ajabu ni hili: karibu kila seli ya mwili inacho kitabu kizima. Seli ya ini inayo sura ya hemoglobini, na seli ya jicho inayo pia. Lakini ini halitengenezi hemoglobini, wala jicho. Kazi hiyo hufanywa ndani ya uboho wa mifupa, katika seli changa zitakazokuwa seli nyekundu. Kwa hiyo kuwa na sura ni jambo moja, na sura hiyo kusomwa ni jambo jingine.

Ni kama ofisi yenye daftari kuu. Daftari lenyewe halitolewi nje. Mtu akihitaji cheti, karani hulifungua, hutafuta mahali panapohusika, hunakili maneno yale tu, na ile nakala ndiyo inayotoka. Ndani ya seli, karani huyo ni protini iitwayo RNA polimerasi, na nakala yake huitwa RNA. Nakala hutoka, nayo hufuatwa neno kwa neno mpaka protini itengenezwe.

Lakini karani huyu hana macho wala akili. Anajuaje aanzie wapi katika herufi bilioni 3? Hujua kwa sababu mbele ya kila jeni kuna kipande cha maandishi ambacho chenyewe si maelezo ya protini. Ni mahali pa karani kutua na kujiweka tayari. Kipande hicho huitwa promota. Pasipo promota, hata sura nzuri namna gani haisomwi.

Tena karani hajiendei tu. Juu ya promota na karibu nayo hukaa protini nyingine zinazotambua mfuatano fulani wa herufi, kama ufunguo unavyotambua kufuli lake. Baadhi yake ni wakaribishaji: humwita karani na kumsaidia ashike kazi. Nyingine ni wazuiaji: zikikaa mahali pake, karani hapati nafasi, na jeni hukaa kimya. Hivyo ndivyo ini linavyokuwa ini na jicho likawa jicho, ingawa kitabu ni kimoja.

MAMBO YALIYOONEKANA PARIS

Huenda ukauliza, ni nani aliyeyajua haya? Wa kwanza kuyaeleza vizuri walikuwa Wafaransa wawili, François Jacob na Jacques Monod, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Hawakuanza na mwanadamu. Walianza na bakteria mdogo aishiye matumboni mwetu, na chakula chake.

Bakteria huyu hupenda glukosi kuliko sukari ya maziwa. Ukimpa zote mbili, hula glukosi kwanza. Ikiisha, hutulia kidogo, kisha huanza kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja sukari ya maziwa. Pasipokuwa na sukari ya maziwa, hatengenezi vimeng'enya hivyo ila kidogo sana. Hana ubongo, lakini hapotezi nguvu zake bure. Anawezaje?

Mwaka 1961 Jacob na Monod walitoa maelezo yao. Bakteria anayo protini ya kuzuia, ambayo hukaa mwanzoni mwa jeni zile na kumfungia karani njia. Sukari ya maziwa ikiingia, sehemu yake hugeuzwa kidogo na kumnata mzuiaji. Mzuiaji hubadilika umbo, huachia mahali pake, na karani hupita. Sukari ikiisha, mzuiaji hurudi. Mwaka 1965 watu hao wawili, pamoja na André Lwoff, walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata, 1966, Walter Gilbert na Benno Müller-Hill huko Marekani walifaulu kumtenga mzuiaji mwenyewe, wakathibitisha ya kuwa ni protini.

Wataalamu wakaja kuona pia kwamba kumwondoa mzuiaji peke yake hakutoshi. Glukosi ikiwapo, kazi huenda kwa uvivu. Ikipungua, protini nyingine ya kukaribisha hushika mahali karibu na promota, na ndipo karani hufanya kazi kwa nguvu zote. Basi kuna wa kufunga na kuna wa kuita, na jeni huwafuata wote wawili.

TURUDI KWA MTOTO WETU

Sasa tunaweza kumjibu yule anayeuliza mbona mtoto alizaliwa mzima.

Mwanadamu hana hemoglobini ya namna moja tu. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya pekee, ambayo hushika oksijeni kwa nguvu kuliko ile ya mama yake. Ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa mtoto hana hewa yake mwenyewe. Huipata oksijeni kutoka katika damu ya mama. Tuiite hemoglobini ya tumboni. Akiisha kuzaliwa na kuvuta pumzi mwenyewe, mwili huiacha hiyo taratibu na kutengeneza nyingine, hemoglobini ya ukubwani.

Jeni za hemoglobini hizi zimepangwa safu moja katika kromosomu ya 11, kwa utaratibu uleule zinaotumiwa maishani. Kwanza jeni ya majuma ya mwanzo ya mimba, kisha jeni mbili za tumboni, mwisho jeni za ukubwani. Kabla ya safu hiyo, mbali kidogo, kuna kipande cha maandishi chenye nguvu ya kukaribisha. DNA hujikunja kama kamba, na kipande hicho hugusana na promota ya jeni inayotakiwa wakati huo. Kikiigusa ya tumboni, hiyo ndiyo inayonakiliwa kwa wingi. Kikiigusa ya ukubwani, ni zamu yake.

Ni nani anayebadilisha zamu? Mmoja wa wakubwa wa kazi hii ni protini ya kuzuia iitwayo BCL11A. Kadiri mtoto anavyokua, protini hii huongezeka katika seli changa za damu. Huitafuta promota ya jeni za tumboni, hutambua herufi sita, TGACCA, zilizoko kama herufi 115 kabla ya mahali kunakili kunapoanzia, na hukaa hapo. Jeni za tumboni hufungwa, na zamu huenda kwa jeni ya ukubwani.

Sasa angalia kwa makini. Kosa la selimundu limo katika jeni ya ukubwani tu. Jeni za tumboni hazina kosa hilo. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya hemoglobini yake ni ile ya tumboni, nayo huizuia ile mbovu isifanye nyuzi. Kwa hiyo ananenepa na kucheka. Lakini mwezi kwa mwezi seli za zamani huchakaa, na mpya zinazotoka ubohoni zimejaa hemoglobini ya ukubwani, ile yenye kosa. Nusu ya mwaka inapopita, kinga imekwisha pungua sana, na viganja huanza kuvimba.

Basi hakuna aliyemroga. Jirani hakuleta kitu. Maziwa ya mama hayakuharibika. Ukurasa wenye kosa ulikuwamo kitabuni tangu mwanzo, ila ulikuwa haujasomwa sana. Hata mtoto asiye na ugonjwa huu hupitia badiliko hilohilo la hemoglobini katika miezi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba ukurasa wake hauna kosa.

WALIOPONEA KATIKA NJIA YA AJABU

Mwaka 1948 daktari mmoja wa New York, Janet Watson, aliona kwamba watoto wachanga wenye selimundu huwa na seli chache sana zenye umbo la mundu. Alisema kwamba huenda hemoglobini ya tumboni ndiyo inayowakinga. Miaka 10 baadaye, mwaka 1958, Dk. A. B. Raper na mwenzake waliandika habari za watu wa Uganda ambao hemoglobini yao ya tumboni iliendelea kutoka hata ukubwani, bila madhara yoyote. Ikaonekana kwamba mtu mwenye jeni ya selimundu akiwa na bahati hii pia, ugonjwa humpata kidogo mno au haumpati.

Kwa nini zamu yao haikubadilika? Katika jamaa nyingine, kipande kizima cha safu ile ya jeni kimekatika. Katika nyingine, kama ilivyojulikana kuanzia mwaka 1984, herufi moja tu imebadilika katika promota ya jeni ya tumboni. Jeni yenyewe haikuguswa. Mahali pa kutua tu ndipo palipobadilika. Kwa baadhi yao herufi iliyobadilika ni ya palepale mzuiaji anapokaa, naye anapofika hapatambui, akapita.

Jina la mzuiaji lilijulikana mwaka 2008, wakati Vijay Sankaran na Stuart Orkin wa Boston walipoonyesha kazi ya BCL11A. Na mwaka 2018 wataalamu walithibitisha mahali hasa inapokaa juu ya promota.

Maana yake kwa mgonjwa ni kubwa. Mtu mwenye selimundu, hata akiwa na miaka 40, bado anazo jeni zake za tumboni, nzima kabisa. Zimefungwa tu.

JE, ZAWEZA KUFUNGULIWA?

Naam, na njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni mpya na ya gharama. Mzuiaji BCL11A naye ni protini, kwa hiyo anayo jeni yake, nayo ina maandishi yake ya kuiamsha. Mwaka 2013 wataalamu walionyesha kwamba kipande kimoja cha maandishi hayo hufanya kazi katika seli zinazozaa seli nyekundu peke yake. Hili ni jambo la maana, kwa sababu mwili unamhitaji mzuiaji huyu mahali pengine, hata ubongoni. Madaktari huchukua seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe, hukikata kipande hicho kwa kimeng'enya kifanyacho kazi kama mkasi, na kuzirudisha seli mwilini. Mzuiaji hupungua katika damu tu, na hemoglobini ya tumboni hurudi. Mkasi wenyewe umetokana na bakteria, na waliouvumbua, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Uingereza iliikubali tiba hii Novemba 2023, na Marekani Desemba mwaka huohuo. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha huko Marekani ilipokuwa ikiamuliwa, 29 walipitisha mwaka mzima au zaidi bila kupatwa na maumivu makali ya ugonjwa huu. Lakini nisikufiche, ndugu msomaji: bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Tena mgonjwa hupewa kwanza dawa kali ya kuusafisha uboho, hulazwa kwa majuma mengi, na dawa hiyo yaweza kumnyima uzazi. Kwa wengi wetu, hii ni habari njema iliyo mbali.

Njia ya pili ni ya zamani, na iko karibu zaidi. Ni dawa iitwayo hydroxyurea, ya kumeza. Haigusi maandishi ya urithi, lakini mwenye kuitumia huanza tena kutoa hemoglobini ya tumboni kwa kiasi fulani. Watu walikuwa na shaka kama itafaa Afrika, ambako malaria ni nyingi. Basi ikajaribiwa kwa watoto wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na mwaka 2019 matokeo yakatolewa: watoto 606 walioitumia waliumwa mara chache kuliko kabla ya kuianza, waliongezewa damu mara chache, malaria ilipungua, na vifo pia. Si dawa ya kununua ovyo dukani. Huhitaji daktari na kupimwa damu mara kwa mara. Lakini ni haki ya mzazi kuulizia, na ninakusihi uulizie.

TUFANYE NINI SASA?

Kwanza, mtoto apimwe mapema. Tone la damu kutoka kisiginoni laweza kuonyesha ugonjwa siku chache baada ya kuzaliwa, kabla maumivu hayajaanza. Usingoje viganja vivimbe. Ile miezi sita ya kwanza, wakati hemoglobini ya tumboni ingali inamlinda, ni muda mzuri wa kujiandaa.

Pili, mtoto akijulikana kuwa na selimundu, alale ndani ya chandarua, apate chanjo zote, anywe maji ya kutosha, asiachwe kwenye baridi, na atumie dawa anazoandikiwa, kama penisilini ya kumkinga na foliki asidi. Akipata homa, apelekwe hospitali siku ileile. Usingoje kesho.

Tatu, wachumba na wapime. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Mtoto wa kwanza kuwa mgonjwa hakuwahakikishii watatu wanaofuata. Kila mimba huanza hesabu yake upya. Wala kuwa mbebaji si aibu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wabebaji wana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana herufi ile ilienea sana katika nchi zetu: iliwaponya wengi kabla ya kuwaumiza wachache.

Nne, tuwaache wasio na hatia. Kosa limetoka kwa baba na kwa mama sawasawa, na hakuna kati yao aliyelichagua. Mume asimfukuze mke. Mavyaa asimtaje mkwe. Na bibi mzee wa jirani, aliyempakata mtoto siku ile kwa upendo, aachwe aishi kwa amani.

Basi ukimsikia tena mtu akiuliza, "Mbona alizaliwa mzima?" usimcheke wala usimkaripie. Keti naye umweleze habari za kitabu, za karani, na za mlango uliofungwa mwezi wa sita. Kisha msindikize hospitali yeye na mtoto wake.